Mechi Nane za Mwanzo

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka katika chumba kimoja hugombana. Moja yasema nyota njema huonekana asubuhi. Ya pili yasema kutangulia si kufika. Mtu anaweza kuishi umri mzima akiitumia hii leo na ile kesho, kila moja kwa haja ya siku yake, bila ya kujiuliza ni ipi hasa anayoiamini. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao hadi mwaka 2024, pale timu yangu ya Yanga ilipoanza ligi kwa namna iliyonipandisha kichwa, kisha ikanishusha mbele za watu.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba Mpemba, mtu wa kisiwa chenye Jamhuri yake, Mwenge yake na Chipukizi yake, kisiwa ambacho Super Falcon walikiletea ubingwa wa Zanzibar mwaka 2012, akose usingizi kwa ajili ya timu ya Dar es Salaam. Sina jawabu la kumridhisha. Mapenzi haya tuliyarithi redioni, tukiwa watoto, katika sauti za watangazaji waliotuonesha uwanja ambao hatujauona. Mtu hachagui sauti ya kwanza iliyomwingia moyoni. Ninaloweza kusema ni kwamba hapa Wete, siku Yanga inapocheza na Simba, hata anayechambua karafuu huchambua huku sikio moja liko kwengine.

Sasa nieleze yaliyotokea. Mwezi Agosti 2024, katika fainali ya Ngao ya Jamii, Yanga iliifunga Azam mabao 4 kwa 1. Katika michuano ya awali ya Klabu Bingwa Afrika, Vital'O ya Burundi ilifungwa 4 kisha 6, na CBE ya Ethiopia ikafungwa 1 kisha 6, zile sita zikifungwa pale Amaan, Unguja, karibu yetu kabisa. Jumla mabao 17, na wavu wetu haukutikisika hata mara moja. Ligi ilipoanza mambo yakawa yale yale. Mechi nane, ushindi mara nane, pointi 24, hakuna bao lililoingia langoni mwetu. Mechi ya nane, dhidi ya Singida Black Stars, ilichezwa Amaan tarehe 30 Oktoba, na Pacôme Zouzoua akatupa bao pekee.

Usiku ule nilitoka katika banda la mpira nikitembea kama mtu aliyenunua shamba. Asubuhi yake nilifika barazani mapema. Nilimkuta ami yangu, mzee ambaye mpira ameujua kabla yangu. Baada ya sabalkheri na habari za nyumbani, nikaanza. Nikasema ligi imekwisha, na kwamba wenzetu wa Simba wacheze tu kwa ajili ya afya. Vijana wakacheka. Ami hakucheka. Akaniuliza, "Mwanangu, katika hizo nane, ngapi mmeshinda kwa bao moja?"

Sikuwa nimehesabu. Yeye alikuwa amehesabu: KenGold bao moja, KMC bao moja, Simba bao moja, na hilo lenyewe walijifunga wenyewe dakika za mwisho, Coastal Union bao moja, Singida bao moja. Tano kati ya nane. Akasema, "Mwaka jana timu hii hii ilianza kwa kuwafunga KMC watano na JKT Tanzania watano, na mwezi wa Novemba ikamfunga Simba matano kwa moja. Mwaka huu inashinda, lakini haishindi kama ile. Nyumba imesimama, naam. Imesimama kwa nguzo za nyuma. Nguzo moja ikitoka, mtaona."

Nilimjibu vibaya. Sikumtukana, lakini nilisema maneno ambayo mtu hamwambii ami yake mbele ya vijana: kwamba wazee wa siku hizi furaha inawakera. Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Siku tatu hazikupita ila nguzo ikatoka. Tarehe 2 Novemba tulicheza na Azam, wale wale tuliowafunga manne mwezi Agosti. Ibrahim Bacca, beki wetu, kijana wa Zanzibar aliyetokea KMKM, alipewa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha kwanza, na Gibril Sillah akatufunga bao moja lililotosha. Siku tano baadaye, Bacca akiwa nje kwa adhabu, Tabora United walitufunga matatu kwa moja. Na tarehe 15 Novemba kocha Miguel Gamondi aliondolewa.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapoanza, na wa kwanza kuhakikiwa ni mimi.

Tuiangalie timu kwanza. Waliosema baada ya Tabora kwamba Yanga imeoza walikosea kama nilivyokosea mimi niliposema haina mpinzani. Timu haikubadilika kati ya Jumatano na Jumamosi. Udhaifu wake ulikuwemo ndani ya ushindi, ukionekana kwa mwenye kutaka kuona. Yanga ya Gamondi ilipenda kuwasukuma wapinzani nusu ya kwao na kuwapokonya mpira huko huko, na kwa hiyo mabeki wake walisimama mbali na lango lao. Mchezo huo hupendeza macho, lakini unadai mabeki wenye mbio na kipa mwepesi wa kutoka, na zaidi ya hayo unadai washambuliaji wafunge mapema ili mabeki wapumue. Washambuliaji hawakuwa wakifunga. Prince Dube, aliyesajiliwa kuwa mtu wa mabao, alipita miezi ya mwanzo ya ligi bila ya bao. Basi kila mechi iliishia kuwa mzigo wa mabeki, na mzigo uliobebwa na mtu mmoja siku nyingi humwelemea siku moja.

Hayo ndiyo makosa ya timu, na ni ya kweli. Lakini ligi yetu ina mechi 30. Baada ya mechi kumi, Yanga ilikuwa na pointi 24 katika 30 zilizowezekana. Kocha yule msimu mmoja kabla ametuletea ubingwa, na ametufikisha robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ambako Mamelodi Sundowns walituvuka kwa mikwaju ya penalti tu. Siku nane kati ya Tabora na kufukuzwa kwake zilitosha kuufuta mwaka mzima.

Nami nilikuwamo katika kufuta. Baada ya Tabora nilirudi pale pale barazani na mdomo ule ule, safari hii nikisema kocha aende, hafai, amechoka. Nilidhani ami atafurahi, kwa kuwa maneno yake yamekuwa. Badala yake alinitazama muda, akasema, "Mimi nilikuonesha ufa. Sikukwambia uibomoe nyumba."

Msomaji, maneno hayo yaliniuma kwa sababu ambayo vijana waliokuwapo hawaijui, nami sijapata kuiandika popote mpaka leo. Zamani, nilipokuwa nikicheza katika timu ndogo ya mtaani kwetu, ami ndiye aliyekuwa akitufundisha. Alikuwa akija uwanjani na baiskeli yake, mpira kaufunga nyuma kwa kamba ya mnazi. Msimu mmoja tulianza vizuri, kisha tukafungwa mechi mbili mfululizo. Tukaitisha kikao usiku, yeye hayupo, tukapiga kura ya kumwondoa. Nami nilinyoosha mkono. Kesho yake alipoambiwa aliurudisha mpira kwa mwenye kuuweka, akashukuru, akaenda zake, kama alivyokwenda siku ile niliposema furaha inawakera wazee. Hajanitajia jambo hilo hata mara moja katika miaka yote hii. Nilipomsikia akimtetea mtu wa Argentina ambaye hajapata kukutana naye, ndipo nilipojua kwamba hajasahau.

Sisi watu wa karafuu tulipaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hili. Karafuu mbichi ikishachumwa na kuchambuliwa, makonyo yakatengwa, huwa nzito mkononi na yapendeza. Lakini hakuna mwenye akili anayehesabu fedha zake siku hiyo. Huianika juu ya majamvi, akaitazama mbingu, akaikusanya mvua ikinyemelea, akaianika tena. Ikikauka, kilo tatu hubaki kama kilo moja. Na mkulima halii kwamba kilo mbili zimeibwa, kwa sababu zilikuwa maji tangu mwanzo. Tena akiiona imepata umande usiku mmoja haitupi shimoni. Huisubiri jua. Mizani ya haki ni ile ya karafuu kavu.

Mechi nane za mwanzo ni karafuu mbichi. Mechi mbili za kufungwa ni umande wa usiku mmoja. Mimi nilipima mara mbili, na mara zote mbili nilipima maji.

Haifai nimalize bila ya kusema yaliyokuja baadaye, kwani wapo watakaosema matokeo yamewapa haki waliomwondoa Gamondi. Alikuja Sead Ramović, akaanza Klabu Bingwa kwa kufungwa mawili na Al Hilal ya Sudan na mawili na MC Alger. Ligi ikashika moto. Dube yule yule aliyezomewa aliwafunga Mashujaa mabao matatu peke yake mwezi Disemba. Lakini hatukuvuka makundi Afrika. Mwezi Februari 2025 Ramović naye akaondoka, akaja Miloud Hamdi, na tarehe 25 Juni tukaifunga Simba 2 kwa 0 tukachukua ubingwa. Makocha watatu kwa msimu mmoja, na kombe kabatini.

Je, kombe hilo linathibitisha kwamba kufukuza kulikuwa sawa? Kwa maoni yangu halithibitishi. Wachezaji waliolichukua ni wale wale waliokusanya pointi 24 za mwanzo, na ubingwa ulipohesabiwa pointi hizo zilihesabiwa pia. Kombe linaonesha kwamba timu ilikuwa nzuri. Kuhusu subira yetu halisemi kitu. Anayetumia kombe kuhalalisha haraka yake ni sawa na aliyeondoka nyumbani bila ya kufunga mlango, akarudi akakuta hakuna kilichoibwa, akasema mlango hauna kazi.

Wala simaanishi kwamba mpenzi wa timu akae kimya. Ami hakukaa kimya. Alikosoa wakati sisi tunashangilia, ambapo ukosoaji una faida kwa kuwa bado pana muda wa kutengeneza, na alitetea wakati sisi tunazomea. Mara zote mbili alihesabu kwanza, akasema baadaye. Mimi nilisema mara mbili, nikahesabu baada ya kuaibika.

Usiku ule wa ubingwa sikwenda banda la mpira. Nilikwenda kwa ami, tukatazama pamoja, yeye kitini nami mkekani. Filimbi ya mwisho ilipolia nje kukawa na kelele na honi za pikipiki. Nikamwambia, "Ami, ule usiku wa kikao nami nilinyoosha mkono." Akanyamaza kidogo, macho yake katika televisheni, kisha akasema, "Najua. Ulikuwa unacheza beki. Mlikuwa mkikaa mbali mno na lango."

Akaniambia nimwongezee chai.