Picha za baba, sauti ya mwana

Mpiga picha huishi nyuma ya kamera. Anayetengeneza filamu ya maisha yake hukuta picha chungu nzima za watu wengine, na za mwenyewe chache mno. Mo & Me, filamu ya hali halisi ya mwaka 2006 kuhusu mpiga picha Mkenya Mohamed Amin, yaani Mo, ililivuka tatizo hilo kwa kumpa usimulizi mwanawe, Salim.

Uamuzi huo ndio unaoibeba filamu. Picha nyingi zilipigwa na Mo mwenyewe na kuhifadhiwa na Camerapix, kampuni aliyoianzisha Dar es Salaam mwaka 1963. Angezisimulia mgeni, tungepata historia ya Afrika basi. Kwa sauti ya Salim, kila vita inasema jambo la pili: siku ile baba hakuwapo nyumbani.

Tazama Korem, Ethiopia, wakati wa njaa ya Oktoba 1984, Mo alipokwenda na Michael Buerk wa BBC. Kamera haina papara. Inapita taratibu juu ya watu waliojikunyata kwa baridi ya alfajiri, kisha inatua kwenye uso mmoja mpaka unashindwa kuukwepa. Taarifa ile ilirushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Picha za namna hiyo ukizikatakata kwa haraka ya siku hizi, unaziua.

Kuna mahali kamera haikufika. Mwaka 1966 Mo alifungwa Unguja karibu mwezi mzima. Gerezani hakupiga picha, na sehemu kama hiyo haina pa kuegemea ila mdomo wa msimulizi. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Novemba 23, 1996 alifariki katika ndege iliyotekwa, ikaangukia baharini karibu na Ngazija.

Kwa funzo hilo, vijana wa Kiuyu, Pemba, wanaotaka kurekodi maisha ya wavuvi wazee na kina bibi wakulima wa mwani waanze na sauti. Simu inatosha, lakini maikrofoni iwe karibu na mdomo, na mzee akae ukumbini, upepo wa kaskazi usimfikie. Anayeuliza awe mtoto wake au mjukuu. Salim alisimulia baba yake akiwa keshazikwa. Hapa wazee wapo, na swali zito wanaweza kuulizwa wenyewe.