Mbwa wa Zhaozhou

Mafundisho ya Zen si imani yetu wala hatuyatangazi, lakini kisa chao kimoja chafaa kupimwa. Mtawa alimwendea mwalimu wa Kichina, Zhaozhou, aliyefariki mwaka 897, akamwuliza: Je, mbwa ana asili ya Kibudha? Akajibiwa: Hana.

Ajabu iko hapa. Asili hiyo, kwa mafundisho yao, ni ile hali ya kuweza kuamka na kuuona ukweli, na wafundisha kwamba kila kiumbe hai anayo. Vipi basi mbwa anyimwe?

Mwaka 1228 Wumen Huikai alikusanya mafumbo 48, akakiweka kisa hiki mbele ya vyote, akakikata papo hapo. Mwanafunzi huambiwa alishike neno “hana” usiku na mchana, mpaka fikra za kuwa na kutokuwa zimtoke. Huo ni mtego wa kumnasa muulizaji, mbwa kishasahauliwa.

Nami nina neno na Wumen. Katika mapokezi mengine mazungumzo yanaendelea. Mtawa anashangaa: tangu Mabudha walio juu hata sisimizi wa chini wote wanayo, mbwa ana kosa gani? Zhaozhou anatoa sababu: mbwa yungali amefungwa na fahamu iliyozaliwa na matendo ya nyuma. Na yapo mapokezi ambamo jibu ni “anayo”. Kumbe palikuwa na hoja juu ya mnyama mwenyewe! Wumen amekula embe akatuletea kokwa. Watetezi wake watasema kokwa ndilo lipandwalo. Haya, na walipande, lakini wasituambie kuwa ndilo embe zima.

Dogen wa Japani, katika maandishi yake ya mwaka 1241, alipita njia nyingine. Viumbe, asema, hawana asili hiyo kama mtu alivyo na kanzu sandukuni. Vyote vilivyopo ndiyo asili yenyewe, pamoja na miti na nyasi. Ni fikra pana, tena ya ukarimu. Ila yanitia shaka: mbwa akihesabiwa safu moja na jiwe, njaa yake itasikiwa na nani? Jiwe halilii.

Hata hivyo Dogen aliyachambua majibu yote mawili ya Zhaozhou, “hana” na “anayo”, bila kulificha moja. Atakaye kukijua kisa hiki na aanze kwake, ingawa si maandishi ya kusomwa kwa usingizi machoni.