"Iko sawa" ya saa kumi na mbili asubuhi

Msinisumbue na habari za mvua. Kreni ya yadi ile ya Tunduma nusura ipinduke kwa sababu opereta wa mchana alipanda kibandani, akapokea "iko sawa" ya mwenzake wa usiku, akainua kontena bila hata kuizunguka mashine.

Mliokuwapo mliona. Usiku kreni ilitegwa kuinulia upande wa kulia, na miguu ya kulia ikatolewa yote. Ya kushoto ilitolewa nusu, maana pembeni kulikuwa na trela likisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Zamu ilipobadilika mzigo ukawa kushoto. Chati ya uzito aliyokuwa akiitegemea ni ya miguu iliyotoka yote. Ya nusu ina ukurasa wake, na tani zake ni chache mno. Isitoshe, kreni inayoitwa ya tani 50 hubeba 50 mzigo ukiwa jirani kabisa, mita tatu hivi. Kwenye mita 12, ukipata robo ushukuru. Naye akavuta moja kwa moja mpaka juu. Sahani ya mguu wa nyuma, iliyokalia kipande kimoja cha ubao, ikazama kwenye udongo mwekundu ulioloa, na mguu wa upande wa pili ukaanza kunyanyuka. Akashusha, kontena likarudi kwa kishindo. Hakuna aliyeumia.

Angeinua sentimita 20 tu, akasimama, akajaribu breki ya winchi na kutazama miguu minne, udongo ungemjibu mapema.

Mpiga ishara alikuwa mmoja na minyororo ilifungwa vizuri. Sawa.

Mtaniambia kreni ilikuwa na cheti cha ukaguzi cha OSHA. Cheti hakijui jana usiku ilinyesha. Na ile kengele ya kuzidisha uzito, ambayo nimeipigia kelele mpaka nimechoka, ilikuwa imezimwa kwa ufunguo.

Wazee wa TAZARA, reli iliyofika hapa mwaka 1973, wasingeinua hata behewa tupu kabla ya kupanga mataruma ya mbao kwa kupishana chini ya kila mguu, na msimamizi akayapiga teke moja moja. Leo mkutano wa asubuhi ni kusaini daftari na kupigwa picha na vizibao.

Trela lile lingeweza kusogezwa. Dereva alikuwa amelala ndani, na hakuna aliyetaka kumwamsha.