Nane ya Uru Ilikuwa Ndani ya Kasha

Waliokaa barazani Chokocho Ijumaa ile usiku kutazama wahedusitini walimwona mkubwa wa wenyeji akiishika ree ya kopa mpaka ikamfia mkononi, na kulipokucha diko zima lilikuwa likimlaumu yeye. Mimi simlaumu. Bao lile halikupotea mzunguko wa nane. Lilipotea kabla karata hazijagawiwa, pale zilipotolewa karata zote za mbili na jozi ikageuzwa katikati ya mchezo. Ulikuwa uamuzi mbaya, na kibaya zaidi, haukuwa na haja.

Tukumbushane ilivyokuwa. Wenyeji na wageni wao wa Kisiwa Panza wametoka bao moja kwa moja, la tatu ndilo la kuamua. Kusi linavuma, na jozi imewekwa ukingoni mwa jamvi bila ya kitu juu yake. Mbili ya uru ikapeperuka, ikaenda kwenye tope la mikoko. Zikabaki 39, na 39 hazigawiki kwa wanne. Mwenye baraza akasema, "Toeni na mbili zilizobaki, twendeni." Zikawa 36, kila mtu tisa. Wageni walikuwa na mashua ya kuwahi na maji yanakupwa, wote wakaitikia. Nilisikia hata mtu mzima mwenzangu akisema, "Garasa tu hizo," yaani karata zisizo na thamani.

Sasa nauliza: hizo nane, tisa na kumi tunazozitoa kila tunapotayarisha jozi ya wahedusitini huwa zinakwenda wapi? Kwenye 52 tunatoa 12, zinabaki 40. Zile 12 zilikuwa ndani ya kasha lake, kando ya goti la mgawaji. Ilitosha kuchomoa nane ya uru, kuionyesha kwa wote wanne na kusema: hii ndiyo mbili ya uru. Mgongo ni ule ule, hakuna atakayeijua kwa nyuma. Thamani yake ni sifuri kama ya mbili, na inakaa chini ya tatu kama ilivyokaa mbili. Jozi ingerudi 40 kabla mashua haijafunguliwa kamba.

Aliyesema "garasa tu" hajaihesabu jozi anayochezea. Hesabu yake imo ndani ya majina. Ree ni 11, seti ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu ni 3, wa pili ni 2. Kila aina ina 30, aina nne ni 120, nusu ni 60, na mshindi lazima apindukie nusu kwa moja: wahedi na sitini. Majina mengi ya karata tuliachiwa na Wareno, waliopoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na kwao Ureno mpaka leo wanacheza mchezo ndugu wa huu, nao wana seti inayompita mfalme na jumla ya 120. Jina la mchezo ni la Kiarabu. Mchezo uliopita mikono yote hiyo haukubebeshwa garasa kwa bahati mbaya.

Kwenye jozi ya 40, karata zenye thamani ni 20 na garasa ni 20. Nusu kwa nusu. Ukitoa mbili, garasa zinabaki 16. Kila mzunguko, uliokuwa na wastani wa 12, sasa unapita 13. Kila aina ina karata tisa badala ya kumi, kwa hiyo watu wanaishiwa mapema na ree inakatwa ingali changa. Zaidi ya hayo, huu ni mchezo wa wawili kwa wawili. Huruhusiwi kusema na mwenzio wala kumkonyeza. Unasema naye kwa garasa. Ukitoa garasa ya pao na mwenzio akaila, umejua zilipo pao kubwa. Akikutupia garasa wakati unakula, amekwambia kwamba hana cha kukulisha, au anaogopa. Kupunguza garasa ni kupunguza maneno ya watu waliokwisha zibwa midomo.

Hapo ndipo tunapofika mzunguko wa nane. Wenyeji wana 44, Panza wana 51, zimebaki 25. Turufu ni shupaza. Mwenzi wa mkubwa anaanza kwa seti ya uru, na ree ya uru imekwisha pita, kwa hiyo seti ile haina wa kuipita ila turufu. Mgeni wa kwanza anafuata kwa tatu. Mkubwa hana uru. Mkononi ana ree ya kopa na sita ya pao. Nyuma yake amebaki mgeni wa pili, ambaye kila mtu alishaona kuwa uru zimemwishia.

Aliyekaa karibu yangu aliona vidole vya mzee. Kidole gumba kiliisukuma ree nje nusu, kikairudisha. Alikuwa anahesabu shupaza. Zimetoka tisa. Maisha yake yote shupaza ni kumi, na mabao mawili ya usiku ule ule zilikuwa kumi. Kwa hesabu hiyo iliyobaki ni mbili ya shupaza, na ikiwa iko kwa mtu wa nyuma, atakata: seti 10 na ree 11, vyote vinakwenda Panza. Tena alikuwa amemsoma mgeni yule kuwa karata yake nyingine ni kopa. Akikata, itambidi amalizie kwa kopa, na ree itaila. Kwa jozi ya 40, kuishika ree pale ni kazi ya bingwa.

Lakini mbili ya shupaza ilikuwa ndani ya kasha. Mkubwa akatupa sita ya pao, mgeni akatupa tano ya pao, wenyeji wakala 10 zao kavu. Mwenzi akamalizia kwa nne ya pao, mgeni wa kwanza akaishukia kwa mzungu wa nne, na ree ya kopa ikamfuata kama mateka. Panza 66, wenyeji 54. Angeilisha seti ile ree, ingekuwa 65 kwa 55, bao la wenyeji.

Panza walicheza safi na ushindi ni wao.

Nimeambiwa, "Mzee alisikia kuwa mbili zimetolewa." Masikio yalisikia, vidole havikusikia. Nimeambiwa pia kwamba yako mabaraza yanayochezea 36 siku zote. Najua, na siwagombezi, maana vidole vyao vimezoea tisa. Kosa ni kumzoesha mtu kumi mabao mawili, kisha la tatu umwambie tisa.

Jambo hili la kutunza hesabu ya jozi nimelisema miaka mingi. Wazee waliotukalisha sisi barazani hawakugawa kabla ya kuhesabu. Mmoja wao, fundi wa mashua, Mungu amrehemu, alizipanga aina nne mbele ya watu, kumi kumi, kila usiku, hata kama jozi ni ile ile ya jana. Siku seti ya kopa ilipochanika, alichomoa tisa ya kopa kashani, akaitangaza, wakacheza mpaka alfajiri na hakuna aliyekosea. Hakuwa na haraka ya mashua. Leo sijaona baraza linalohesabu.

Basi ndugu zangu, kabla hujachanga, hesabu 40. Weka jiwe juu ya jozi kusi likivuma. Na garasa ikipotea, usizitoe ndugu zake: fungua kasha, nane yake imo.