Tani nyingi, ng'ombe mwenye njaa

Karibu kila kipeperushi cha malisho ninachokishika kinajivunia namba moja kubwa: tani kwa hekta kwa mwaka. Mimi hiyo namba inanikera. Kwanza, tani za nini? Mabingobingo machanga ni maji kama asilimia 80, kwa hiyo ukiyapima mabichi unajisifia maji. Pili, mavuno mengi huja masika, wakati hata kando ya barabara majani yapo. Septemba kiangazi kimekolea, na ng'ombe hali wastani wa mwaka.

Halafu kuna hili la protini, ndilo linaloniuma zaidi. Ukisubiri majani yarefuke upate tani, mashina yanakomaa, nyuzinyuzi zinaongezeka, protini ghafi inashuka. Ikifika chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, bakteria wa tumboni wanakosa naitrojeni, usagaji unazorota, na ng'ombe anakula kidogo ilhali hori limejaa. Maziwa yakipungua analaumiwa ng'ombe! Kumbe yangekatwa yakiwa na kimo cha kama mita moja, tani zingepungua kidogo na lishe ingekuwa bora.

Tuandikiwe mavuno kwa msimu, uzito mkavu, na protini pembeni. Ni jedwali dogo tu, jamani.