"Mapigo ya Mapumziko": Istilahi Inayompotosha Mfanya Mazoezi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika maandishi ya afya na michezo pasipo kuchunguzwa vya kutosha ni hii ya "mapigo ya moyo ya mapumziko". Dhana inayokusudiwa si ngumu: ni hesabu ya mapigo kwa dakika moja wakati mwili haujashughulishwa, aghalabu asubuhi, mtu aamkapo na kabla hajainuka kitandani. Kwa watu wazima wengi hesabu hiyo huwa kati ya 60 na 100. Kwa mwanariadha aliyezoea mbio ndefu yaweza kushuka hadi karibu na 40.

Kasoro imo katika neno "mapumziko". Kupumzika, kwa Kiswahili, ni kuacha kazi iliyokuwa ikifanywa. Mkulima hupumzika baada ya kulima. Timu huenda mapumziko baada ya dakika 45 za mchezo. Basi msomaji aambiwaye ahesabu mapigo yake "wakati wa mapumziko" hana kosa akifuata lugha yake: hukimbia, huketi chini ya mti, hushika kifundo cha mkono na kuhesabu. Anachopata ni mapigo ya moyo ambao bado unarejea katika hali yake, na hiyo ni dhana nyingine yenye matumizi yake.

Wako watakaosema kuwa haya ni mabishano ya maneno tu. Natuangalie hesabu. Kanuni itumiwayo sana kukadiria nguvu ya mazoezi, iliyotokana na utafiti wa Karvonen na wenzake huko Ufini uliochapishwa mwaka 1957, hutoa mapigo ya utulivu katika upeo wa mapigo, huchukua asilimia ya baki, kisha huyarudisha yale yaliyotolewa. Upeo wenyewe hukadiriwa kwa kutoa umri katika 220. Kwa mtu wa miaka 40 upeo ni 180. Akiwa amehesabu 60 alfajiri, zoezi la asilimia 60 litamtaka afikishe mapigo 132. Akiwa amehesabu 100 pale chini ya mti, atatakiwa afikishe 148. Tofauti ni mapigo 16 kila dakika, na anayebebeshwa ni huyo anayeanza mazoezi, pengine kwa ushauri wa daktari aliyemwonya aende polepole.

Tafsiri nyingine, "mapigo ya moyo ya kupumzika", ni mbaya zaidi. Moyo ukipumzika, mwenyewe hana haja tena ya mazoezi.

Hata neno "mapigo" peke yake halitoshelezi. Tukisema mapigo ya mgonjwa yamepungua, je, yamekuwa machache au yamekuwa dhaifu? Muuguzi aliye kando ya kitanda atajua. Msomaji wa kijarida hatajua. Ndiyo sababu twapendekeza "kasi ya mapigo katika utulivu". "Kasi" huonyesha kuwa muda umehesabiwa. Nako kutulia hakuhitaji kazi iliyotangulia: bahari hutulia, mtoto hutulia. Tena neno hili hugusa nafsi pamoja na mwili, jambo linalofaa sana hapa, kwani hofu na hasira huupeleka moyo mbio kama zifanyavyo mbio zenyewe. Istilahi hii ni ndefu, twakubali. Lakini ufupisho "kasi tulivu", ambao huenda ukawavutia watayarishaji wa majedwali, hatuupendi: utasomwa kuwa ni mwendo wa polepole.

Liko pia neno "mpwito", ambalo wafasiri hulikwepa bila sababu. Lingefaa kutengewa kile kinachosikika kwa vidole penye mshipa. Maelekezo yangeweza kuandikwa hivi: "Uamkapo, kabla hujainuka, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono, upande wa gumba, uhesabu mpwito kwa sekunde 60. Usitumie gumba, kwani nalo lina mpwito wake."