Istilahi za Usimamizi wa Kompyuta Zinapofika Butembo na Beni

Aghalabu tahakiki ya istilahi za kompyuta huishia kwenye vifaa. Hubishaniwa kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mjadala ukafungwa hapo. Lakini yuko mtumiaji mmoja ambaye jina la mashine halimsumbui: mkaazi wa Butembo au Beni mwenye kazi mchana, ambaye usiku husomea kwa intaneti shahada ya uzamili ya usimamizi wa teknolojia ya habari katika chuo cha ng'ambo. Masomo yake huyapata kwa Kifaransa au Kiingereza. Ofisini, dukani au hospitalini anakoyatumia, wenzake huzungumza Kinande na Kiswahili cha Kongo. Istilahi zetu zikipimwa kwa mahitaji ya mtu huyu, kasoro hujitokeza mahali pasipotazamiwa.

Mathalani, jina la masomo yenyewe. 'Masomo ya muda' hutumiwa kuwa kinyume cha 'masomo ya muda wote'. Hali kadhalika husemwa serikali ya muda, makazi ya muda, yaani kitu kisichodumu. Katika Beni, mji uliopokea wakimbizi wa vita kwa miaka mingi, maana hii ya pili ndiyo itakayotangulia. Kumbe mwanafunzi huyo si mpita njia. Yeye ndiye anayekawia masomoni kuliko wote. 'Masomo ya saa za ziada' ni afadhali, ijapokuwa nayo yanadhani kwamba saa hizo zipo. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi (ambao Beni na Butembo hazikupiga kura siku hiyo, kwa kuwa yao ilikuwa imeahirishwa), serikali ilikata intaneti kwa takriban wiki tatu. Ile ahadi ya 'wakati wowote, mahali popote', ambayo wafasiri huitafsiri bila kusita, haikuwa na maana yoyote kwa mwenye kazi ya kuwasilisha mwezi huo.

Neno 'shahada' lina hila zaidi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza Butembo mwaka 1989, katika mfumo wa Kongo ambao lisansi ilipatikana baada ya miaka mitano: mitatu ya graduwa na miwili ya lisansi yenyewe. Mfumo mpya ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022 umeifanya lisansi kuwa ya miaka mitatu. Mfasiri anayeandika 'shahada ya kwanza' kwa zote mbili amemnyang'anya mwombaji wa zamani miaka miwili kwa neno moja. Hapo hapana budi kuliacha neno 'lisansi' lilivyo na kutaja idadi ya miaka kando yake.

Yapo maneno yaliyopanda milima salama. 'Kanzidata' ni mojawapo: kanzi ni hazina, na katika mji wa wafanyabiashara kama Butembo sitiari hiyo haihitaji mwalimu. Si hivyo 'chelezo', lililochaguliwa kuwa jina la nakala inayohifadhiwa pembeni ili ya kwanza ikipotea kazi iendelee. Chelezo ni kielea cha baharini. Kwa mvuvi wa Pwani picha ni kamili. Kwa mtu aliyekulia juu ya vilima, mbali na bahari, ni sauti tupu. 'Nakala ya akiba' ingetosha, na kila mama anayeuza maharage angeielewa.

Uzito wa suala lakini umo katika istilahi za wajibu, ambazo ndizo kiini cha shahada hiyo. 'Utawala wa data' ni tafsiri ya kawaida ya kanuni zinazoamua nani aguse kumbukumbu na kwa idhini ya nani. Mei 2021 hali ya dharura ilitangazwa katika Kivu Kaskazini, na uongozi wa jimbo ukakabidhiwa kwa wanajeshi. Katika mazingira hayo, meneja akiwaeleza wauguzi juu ya 'utawala wa data' amekwisha kuwatia hofu kabla ya kueleza lolote. 'Ulezi wa data' ungesema jambo lile lile, tena ungemtaja mwenye kulea.

Vivyo hivyo 'siri'. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 2,200 katika eneo hilo, Beni na Butembo zilijaa orodha za waliogusana na wagonjwa: jina, nyumba, jirani. Waliokuwa wakiandikwa waliishuku kazi yote, na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba orodha ni 'siri' ni kuthibitisha shaka yake, kwani siri ni ya yule anayeficha. 'Faragha' ni ya mwenye jina. Kamusi za kompyuta zinayo maneno yote mawili, na baadhi ya watafsiri huyabadilishana kana kwamba ni ndugu pacha. Aliyeandikwa jina mlangoni pake, na mgeni aliyevaa glavu, hawezi kuyachanganya.